Asiyesikia la Mkuu Akishavunjika Guu



Kuna neno moja nimelisikia misibani, kwenye jumuiya, kwenye daladala na hata sakristia. Neno lenyewe ni "amejitakia". Kijana amekutwa amelala kando ya mtaro, kete mfukoni, watu wanapita: amejitakia. Dada fulani alianza na gongo kidogo kwenye sherehe, leo anauza mpaka sahani za mama yake: amejitakia mwenyewe. Kaka amebeti ada yote ya chuo: sasa si amejitakia? Neno ni fupi, linafunga mjadala, na baada ya hapo kila mtu anaendelea na safari yake moyo ukiwa umetulia.

Leo naomba tulichunguze neno hilo. Sisemi kwamba ni la uongo. Mara nyingi lina ukweli ndani yake, ndiyo maana linatushika. Swali langu ni hili: tukishasema "amejitakia", tumethibitisha nini? Tumethibitisha kwamba yule mtu alianza kwa kutaka. Sawa. Je, tumethibitisha pia kwamba sasa anaweza kuacha kwa kutaka tu? Na je, tumethibitisha kwamba sisi hatudaiwi kitu? Hayo ni mambo matatu tofauti, na neno moja haliwezi kuyabeba yote.

Guu lililovunjika

Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nadhani methali hii ndiyo mama wa "amejitakia". Lakini isome tena polepole. Inasema asiyesikia atavunjika guu. Haisemi kwamba akishavunjika aachwe pale pale barabarani.

Na kweli, miguu inayovunjika hatuiachi. Chukua dereva wa bodaboda. Amekunywa, hana kofia ya kujikinga, amekatiza taa nyekundu, gari likamrusha. Kosa ni la nani? Ni lake, hata yeye anajua. Lakini watu wanafanya nini? Wanamzunguka, mmoja anamfunga khanga mguuni, mwingine anasimamisha bajaji, na mpaka jioni yuko wodini. Hakuna daktari wa mifupa anayesema, "Kwanza tujadili kama ulitii taa, ndipo nikufunge plasta." Lawama zitakuwepo, tena nyingi, lakini zitakuja akiwa amelazwa kitandani. Kwa mguu tunaelewa mara moja kwamba maswali ni mawili: nani alisababisha, na nani atamtibu. Jibu la kwanza halifuti la pili.

Ukija kwa unga, tunayachanganya. Tukishajua nani alisababisha, tunaona la matibabu limekwisha. Kwa nini? Nafikiri ni kwa sababu mfupa uliovunjika unaonekana, hata picha yake inapigwa. Nia ya mtu iliyovunjika haionekani. Anatembea, anaongea, anakudanganya vizuri kabisa, kwa hiyo unasema: huyu ni mzima, hataki tu.

Je, nia nayo huvunjika?

Hapa ndipo falsafa inatusaidia kidogo. Aristotle, kwenye kitabu cha tatu cha Maadili yake kwa Nikomako, anamzungumzia mtu aliyeugua kwa sababu ya kuishi ovyo na kutowasikia matabibu. Unaona? Ni asiyesikia la mkuu yule yule. Aristotle anasema mtu huyo alikuwa na uwezo wa kutougua, lakini akishaugua hawezi kupona kwa kutamani tu. Ni kama mtu aliyerusha jiwe: lilikuwa mkononi mwake, likishatoka hawezi kulirudisha. Yeye anatumia mfano huo kuonyesha kwamba mtu anawajibika kwa mwanzo wake, na nakubaliana naye. Lakini mfano huo huo una upande wa pili ambao hatuusemi: jiwe likiwa hewani, kumpigia kelele aliyelirusha hakulisimamishi.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi inayoitwa Algeria leo, aliyapitia hayo mwilini mwake. Katika kitabu cha nane cha Maungamo anaeleza jinsi alivyofungwa. Hakufungwa na mtu. Nia iliyopotoka ilizaa tamaa, tamaa iliyotumikiwa ikazaa mazoea, na mazoea yasiyopingwa yakawa lazima. Kila pete ya ule mnyororo aliifua mwenyewe. Lakini mnyororo uliofuliwa na mfungwa mwenyewe bado ni mnyororo. Na Mtume Paulo, katika sura ya saba ya Waraka kwa Warumi, analia kwamba jema analolitaka halitendi, na baya asilolitaka ndilo analolitenda. Hao wawili si mateja. Ni nguzo za Kanisa.

Sasa weka juu ya hayo mambo ya mwili. Heroini ikizoeleka, mwili unajipanga upya kuitegemea. Ikikosekana inakuja arosto: mifupa inauma, jasho, kutapika, kuharisha, usingizi hakuna, na roho inahangaika kama inataka kutoka. Waulize walioipitia, watakuambia kwamba wiki za mwanzo walikuwa wanatafuta stimu, baada ya hapo wakawa wanatafuta nafuu tu. Anayevuta leo asubuhi mara nyingi hatafuti raha. Anataka asimame wima kama wewe ulivyoamka umesimama wima bure.

Kwa hiyo hiari yake imekufa? Hapana. Ikifa, hakuna sababu ya kumhubiria wala ya kumtibu, kwa maana hata kliniki inamhitaji akubali. Hiari ipo, lakini imevunjika. Mguu uliovunjika bado ni mguu, bado ni wake, na siku moja anaweza kuukanyagia. Ila leo ukimwambia "simama utembee" halafu ukaondoka, umemdhihaki. Bwana wetu alipoyasema maneno hayo, aliyasema pamoja na nguvu ya kusimama.

Kanisa linasemaje?

Wengine wanafikiri kuongea hivi ni kulegeza dhambi. Hebu turudi kwenye katekesi ya Kipaimara. Ili dhambi iwe ya mauti yanahitajika mangapi? Matatu: jambo zito, ufahamu kamili, na ridhaa kamili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2291, inasema wazi kwamba kutumia dawa za kulevya ni kosa zito, isipokuwa kwa sababu za tiba. Kwa hiyo jambo ni zito, hatulipunguzi. Lakini namba 1735 inasema kwamba lawama ya tendo inaweza kupungua, hata kuondoka, kwa sababu ya hofu, mazoea, na hali nyingine za nafsi au za kijamii. Naye Mtakatifu Thoma wa Akwino alishafundisha kwamba msukumo unaoitangulia nia na kuisukuma unapunguza uzito wa dhambi.

Hebu ona hekima iliyomo. Kanisa linakataza jambo kwa nguvu zote, na papo hapo linakataa kumpimia mtu lawama kwa kumwangalia akiwa mtaroni. Kipimo hicho anacho Mungu. Sisi tumeachiwa kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo inayotushinda.

Uhuru una nauli

Mama mmoja wa jumuiya niliyokuwa nikisali nayo wakati wa utume, pembezoni mwa Dar es Salaam, aliniuliza swali ambalo vitabu vyangu havina. Kijana wake alikuwa ameandikishwa kwenye tiba ya methadoni.

"Frateri," akaniambia, "juzi nilimpa nauli ya kliniki, akaenda kununulia kete. Jana nikamnyima, akakaa nyumbani anatapika, usiku sufuria yangu ikapotea. Leo asubuhi ananiomba tena. Nikimpa naona natenda dhambi, nikimnyima naona natenda dhambi. Sasa niambie wewe msomi."

Hilo ndilo swali zito la maadili, ndugu zangu, na liliulizwa na mtu aliyekuwa akichoma maandazi. Ili tulijibu, lazima tujue tiba yenyewe inavyokwenda.

Methadoni ilianza kutolewa Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Februari 2011, kisha Mwananyamala na Temeke, baadaye ikafika mikoa kama Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Ni dawa ya maji, mgonjwa anainywa mbele ya mhudumu, na dozi moja inazuia arosto kwa muda wa siku nzima hivi bila ile stimu ya unga. Dawa haiuzwi, ni bure. Lakini kwa utaratibu wa kawaida, hasa mwanzoni, lazima uende kila siku. Jumapili ni siku. Sikukuu ni siku. Siku ya mvua ya masika, daladala zimejaa, nayo ni siku.

Sasa piga hesabu nami. Nauli ukiikadiria shilingi 600 kwa gari moja, na kijana anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, hiyo ni 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi. Mtu huyo hana kazi, kwa sababu nani atampa kazi teja? Na mama anauza maandazi. Kwa hiyo dawa ya bure ina bei, na bei hiyo inatakiwa kila asubuhi, kwa pesa taslimu, ndani ya nyumba ambayo sufuria zimeanza kupotea.

Na hapo ni Dar, penye kliniki. Kijana wa kijijini aliye siku nzima ya safari ya basi kutoka kliniki ya karibu, yeye tunamwambiaje? "Tumia hiari yako"?

Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kitu ambacho darasani tulikipita haraka. Tunapojadili uhuru wa nia, tunaongea kana kwamba mtu anauweka uhuru wake ndani ya kifua, peke yake, kama pochi. Kumbe sehemu kubwa ya uhuru wako wewe unayesoma hapa umeshikiliwa na watu wengine: mzazi aliyekuuliza umechelewa wapi, mwalimu aliyekuita pembeni, rafiki aliyekukatalia, zahanati iliyokuwa karibu. Hukuviona kwa sababu havikukosekana. Yule wa mtaroni vilimkosa kimoja baada ya kingine, halafu tunamlinganisha na wewe na kusema, "Mbona huyu aliweza?"

Hata Augustino hakutoka peke yake. Siku ile ya mwaka 386 katika bustani ya Milano, alipokuwa akihangaika na kujivuta nywele, rafiki yake Alipio alikuwa kando yake. Hakumhubiria. Alikaa naye kimya, akingoja. Na mama yake, Monika, alikuwa amelia kwa miaka mingi kabla ya siku hiyo. Neema ilimfikia kwa njia yenye watu.

Nikirudi kwa yule mama. Swali lake lilikuwa na majibu mawili, kumpa au kumnyima, na yote mawili yalikuwa mabaya kwa sababu yalimwacha yeye peke yake na mwanawe. Kumwekea pesa mkononi mtu mwenye arosto ni kumwekea jaribu. Kumnyima ni kumfungia dawa. Njia ya tatu ni kumsindikiza, lakini yeye akimsindikiza, maandazi nani atachoma? Basi kwenye Jumamosi ya jumuiya suala likaletwa, kwa ridhaa ya kijana mwenyewe. Pakawa na mabishano, na lile neno letu likasemwa, tena mara mbili. Mwishowe baba wawili wanaokwenda mjini alfajiri wakakubali kumpitia kwa zamu, na nauli ya kwenda alilipwa konda, haikupita mkononi mwake. Kurudi, msaidizi wa jumuiya akaongea na dada mmoja anayefanya biashara karibu na kliniki.

Mwezi wa kwanza aliruka siku kadhaa. Siku moja alimkimbia mzee wa watu kituoni. Bado anakwenda. Sina ushuhuda wa kupigia vigelegele hapa, nina kijana anayeamka na kwenda. Lakini angalieni: hiari yake haikuongezwa kwa mahubiri. Iliongezwa kwa nauli na kwa mtu wa kukaa naye kiti kimoja.

"Si ni kubadilisha unga kwa unga?"

Kijana mmoja wa VIWAWA alinibana kwa swali hili, na ana haki. Tena ana mtu mkubwa upande wake. Mwezi Juni 2014, Papa Fransisko akizungumza mjini Roma na washiriki wa mkutano wa kimataifa wa kupambana na dawa za kulevya, alisema kwamba dawa za kulevya hazishindwi kwa dawa za kulevya, na kwamba dawa mbadala si tiba inayotosha, ni namna ya kujisalimisha kwa kificho. Siwezi kupita pembeni ya maneno hayo kama vile sikuyasikia.

Ninayachukua hivi. Ukimpa mtu kikombe cha methadoni halafu ukasema "kazi yangu imeisha, sasa hatatuibia", umejisalimisha kweli. Umetuliza mtaa, hukumponya mtu. Hilo ndilo Papa aliloliogopa, na aliliogopa kwa haki: jamii inayotaka mateja wanyamaze tu. Lakini Katekisimu yenyewe inatenga matumizi ya tiba, na kikombe kile, kikiwa chini ya mganga, kinampa mtu kitu ambacho bila hicho mengine yote ni ndoto: saa ishirini na nne bila arosto. Ndani ya saa hizo anaweza kuongea na mshauri nasaha, kufundishwa kazi, kuomba msamaha nyumbani, kuungama. Methadoni ni ngazi. Ukimwacha mtu anaishi juu ya ngazi, umekosea. Ukiiondoa ngazi kwa sababu si nyumba, umekosea zaidi. Wapo pia wanaopata nafuu bila dawa hiyo, katika nyumba za upataji nafuu, wakisaidiwa na wenzao walioacha. Tumshukuru Mungu kwa njia zote mbili, na tusimlazimishe mtu apande ngazi ya jirani.

Mkate wa Eliya

Mengi ya haya yanahusu pia magonjwa ya akili, ambayo mara nyingi hutembea na uraibu bega kwa bega. Wengine walianza kunywa ili wapate usingizi. Na huku "amejitakia" inabadilishwa kidogo, inakuwa "hana imani", "amerogwa" au "ana pepo". Tukimaliza, tunamtania: huyu wa Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma imekuwa ikitibu watu tangu mwaka 1927, na sisi jina lake tumelifanya tusi. Halafu tunashangaa kwa nini kijana mwenye sonona haendi kutibiwa.

Someni sura ya 19 ya Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Nabii Eliya amechoka, amekaa chini ya mti jangwani, anamwomba Mungu afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea wala kumkemea shetani. Alimtuma malaika na mkate uliookwa na maji. Eliya akala, akalala. Malaika akarudi tena, kwa sababu mara moja haikutosha. Safari ya kwenda Horebu na sauti ile tulivu vilikuja baadaye. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuagiza tuombe wakati wa ugonjwa na pia tumpe mganga nafasi yake, kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba.

Kwa hiyo mpeleke mwenzako kwenye maombi, ndiyo. Usimpeleke kwenye maombi ili usimpeleke hospitali. Na ukisikia mtu yeyote, hata akiwa kiongozi wa maombi, anamwambia mgonjwa atupe dawa zake ili kuonyesha imani, mtoe hapo.

Tusijifiche nyuma ya umaskini pia. Grégoire Ahongbonon, mlei Mkatoliki wa Benin, alikuwa fundi wa matairi huko Bouaké, Ivory Coast. Biashara ikaanguka, naye akaanguka, akafikia hatua ya kutaka kujiua. Alipoinuka alianza kuwaendea wagonjwa, na tangu miaka ya 1990 amekuwa akiwakusanya watu wenye magonjwa ya akili waliotupwa barabarani au kufungwa minyororo kwenye miti, akiwapa dawa, chakula na kazi. Hakuwa daktari. Alikuwa mtu aliyekataa kupita.

Mtakatifu ambaye hakupona

Nimalizie kwa mtakatifu ambaye wengi wetu hatufundishwi. Marko Ji Tianxiang alizaliwa China mwaka 1834. Alikuwa tabibu Mkatoliki, mtu wa heshima, akitibu maskini bila malipo. Akashikwa na ugonjwa wa tumbo, akajitibu kwa kasumba kama matabibu wa wakati ule walivyofanya, na kasumba ikamshika. Aliungama, akaanguka. Akaungama tena, akaanguka tena. Hatimaye muungamishi wake, akiona hakuna kubadilika, akamwambia asirudi mpaka awe ameacha. Wakati ule hakuna aliyeijua hali hiyo kama tunavyoijua leo. Marko akakaa bila Komunyo miaka 30 hivi.

Angeweza kuondoka. Kuna wengi wanaoondoka kwa kunyimwa kidogo kuliko hapo. Yeye aliendelea kwenda kanisani na kusali, akiomba afe shahidi, maana hakuona mlango mwingine wa mbinguni. Mwaka 1900, katika ghasia za Mabondia, alikamatwa pamoja na familia yake. Aliwasihi wauaji wamuue yeye wa mwisho, ili asiwepo hata mmoja wa nyumba yake atakayekufa peke yake. Akawaona wote wakienda, huku akiimba Litania ya Bikira Maria, ndipo zamu yake ikafika. Tarehe 1 Oktoba 2000, Papa Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu pamoja na mashahidi wenzake wa China, 120 kwa jumla.

Kadiri maisha yake yanavyosimuliwa, hakuwahi kuishinda kasumba. Unga wa siku zake ulikuwa bado ndani ya mwili wake siku alipouawa. Na bado nia yake, iliyovunjika kwa miaka 30, iliweza siku hiyo kutenda tendo la uhuru kuliko yote: mtu aliyeachwa peke yake kwa muda mrefu alikataa kumwacha mtu afe peke yake. Hapo sina la kuongeza juu ya hiari.

Tofauti kati yetu na wale waliomzunguka Marko ni moja. Wao hawakujua tiba. Sisi tunajua ipo, tunajua iko kituo gani, tunajua hata nauli yake.

Kwa wiki hii

Naomba mambo matatu tu. La kwanza, ukijikuta unataka kusema "amejitakia", ongeza swali moja: "na sasa anahitaji nini asimame?" La pili, kwenye mkutano wenu ujao wa vijana, ulizeni kliniki ya karibu iko wapi na kufika huko ni shilingi ngapi, andikeni namba hizo ubaoni muone nani kati yenu anaweza kumsindikiza mtu. La tatu ni kwako wewe unayesoma huku unajificha, iwe ni unga, pombe, kubeti au mawazo ya kutaka kujiua: mwambie mtu mmoja leo, kabla ya kulala. Halafu nenda kituo cha afya, na nenda kwa padre. Usichague kimoja.

Tusali:

Ee Yesu, uliyemponya mwenye kupooza ulipoiona imani ya wale waliombeba, utupe mabega. Wahurumie ndugu zetu waliofungwa na uraibu na wanaoteseka katika akili zao. Walio mbali na tiba wapate wa kuwasindikiza, na sisi tulio karibu utuondolee ulimi unaohukumu na miguu inayopita pembeni. Unaishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mtakatifu Marko Ji Tianxiang, utuombee.
Mtakatifu Monika, uwaombee mama zetu.